Jibu: Wahojiwa wanaacha dodoso katikati

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: watu wanafungua dodoso lako kwenye simu, wakifika nusu wanaondoka, na waliomaliza ukiwaalika tena hawaitiki.

Kabla ya kuongeza zawadi, angalia kwanza wanaondokea swali gani. Kwangu walikwama kwenye jedwali la kauli 14, kila moja ina ngazi 7 za kukubali au kukataa. Kwenye kompyuta lilionekana safi kabisa. Kwenye simu ndogo ilibidi mtu asukume skrini kushoto na kulia, vichwa vya safu vinapotea, hajui tena anabonyeza nini. Wengine walijaza "nakubali" mwanzo hadi mwisho ili wapite tu, kwa hiyo hata majibu tuliyopata hayakufaa. Nikabakiza kauli 5, moja moja kwa kila ukurasa, na wengi wakaanza kufika mwisho.

Umewaahidi kuwa dodoso litachukua dakika 10. Mpe mtu asiyelijua dodoso hilo alijaze kwenye simu yake, wewe shika saa. Ikitoka 22, andika 22. Mtu uliyemdanganya muda wake harudi, na ana haki.

Maswali ya mchujo, yaani yale yanayoamua nani anafaa kujibu dodoso, yatangulie yote. Kumwambia mtu "hustahili kuendelea" baada ya kukupa dakika 8 kunamuumiza; ikitokea, mlipe chochote kwa muda aliotoa.

Na ukimaliza utafiti, watumie mistari mitatu ya mlichogundua. Nilipoanza kufanya hivyo, baadhi waliniandikia wenyewe kuuliza utafiti ujao ni lini.

Weka hapa picha ya swali wanaloondokea tulitazame.