Futeji ya raw inaganda na rangi hazifanani, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Narekodi mahojiano kwa kamera mbili zinazotoa raw na naediti kwenye DaVinci Resolve (programu ya kuhariri video na rangi). Nikicheza klipu inaruka ruka, wakati mwingine inaganda kabisa, na nikifika kwenye rangi naenda klipu moja moja mpaka macho yanauma na bado mwisho hazifanani. Ninunue kompyuta mpya?

JIBU: Hapana ndugu yangu, usitoe hela kwanza. Raw ni data ya sensa ambayo bado haijawa picha, kwa hiyo ukibonyeza play tu kompyuta inaanza kuitengeneza kila fremu papo hapo, fremu 24 au 25 kwa sekunde, lazima iheme. Tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kukatia: kwanza kwenye Project Settings ukubwa wa proksi weka robo na fomati weka ProRes Proxy au DNxHR LB (fomati nyepesi za kuhariria), kisha kwenye Media Pool, pale klipu zako zinapokaa, chagua klipu zote, bonyeza kulia, Generate Proxy Media. Watu wengi wanachagua H.265, fomati inayobana sana video, kwa sababu faili inakuwa ndogo, lakini humo fremu zinategemeana, ukirudi nyuma kidogo tu kutafuta pa kukata mashine inahangaika tena, mi siishauri kabisa. Iache itengeneze usiku umelala.

Kata stori yote kwenye proksi mpaka umalize, namaanisha umalize kweli, maana kugredi (kurekebisha rangi) klipu ambayo kesho utaitupa ndiko kunakokula muda. Ukishamaliza, kwenye menyu ya Playback rudisha faili orijino za kamera ndo uguse rangi.

Hapo sasa kwenye rangi ndo penye utamu. Kwanza washa usimamizi wa rangi kwenye Project Settings, chagua DaVinci YRGB Color Managed, autiputi Rec.709 Gamma 2.4 (kiwango cha rangi cha TV), programu itazisoma raw zako yenyewe bila kubandika LUT (faili la kugeuza rangi) kwenye kila klipu. Kisha weka shoti kwenye makundi, kamera ya mgeni kundi lake na ya mtangazaji kundi lake. Wayiti balansi (nyeupe ionekane nyeupe) na mwanga vya kundi zima unarekebisha mara moja kwenye hatua ya Group Pre-Clip, hatua ya Clip inabaki kwa dosari ya shoti moja (labda wingu lilipita), na ule mwonekano wa mwisho unauweka Group Post-Clip.

Kufananisha kamera mbili usitegemee macho, yanazoea haraka sana. Fungua vectorscope (grafu ya duara inayoonyesha rangi za picha), washa mstari wa ngozi, zungushia uso peke yake. Ngozi nyeusi tii au nyeupe zote huangukia karibu na mstari uleule, kinachotofautiana zaidi ni mwanga, kwa hiyo tafadhali usimpandishie mgeni mwanga mpaka apauke eti afanane na mwenzake, huko ni kumharibu mtu.

Na kama unasafisha chenga za picha (hiyo ipo kwenye toleo la Studio la kulipia tu), iweke kwenye nodi (hatua ya marekebisho) ya kwanza kabisa na uiwekee kashi, yaani matokeo yake yahifadhiwe, ukibadilisha rangi kwenye nodi za mbele haitaanza upya. Ukiiweka mwishoni kila ukigusa kitu inarenda (inatengeneza picha) tena toka mwanzo.