Kutu Haisubiri Masika: Majibu kwa Wenye Bastola na Gobore

Tangu mvua zianze hapa Tabora, kila ujumbe unaoniingilia una neno kutu ndani yake. Nimechambua michache, ninayemjibu nikimchukulia kuwa ana leseni mfukoni. Jambo moja kwa wote: kabla ya kitambaa na mafuta, toa magazini, yaani kile kisanduku cha risasi, kwanza, ndipo uvute slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, uchungulie chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa, kwa jicho na kuipapasa kwa ncha ya kidole. Anayevuta slaidi magazini ikiwa bado ndani anatoa risasi moja na kuingiza nyingine, kisha anajiona amemaliza.

*Shikamoo mzee. Nasindikiza magari ya chumvi kutoka Uvinza. Bastola naivaa kiunoni, kila Jumapili naifuta na kuipaka mafuta. Ikifika Jumatano ina madoa mekundu, tena upande mmoja tu, ule unaogusa mwili. Bunduki ya mwenzangu, ya kuning'iniza begani, haina hata doa. Nimeuziwa mbovu?*

Marahaba, mwanangu. Hukuuziwa mbovu. Umeiweka silaha kati ya chumvi mbili: ya jasho lako na ya mzigo. Uvinza watu wamechemsha maji ya chemchemi zile kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na vumbi lake liko kwenye suruali yako, kwenye mkanda, kwenye viganja. Chuma kikavu na safi hupata kutu polepole sana. Kikiwa na chumvi, chumvi yenyewe huvuta unyevu hewani, na kutu inaanza hata siku ambayo hakuna wingu. Bunduki ya mwenzako inapigwa upepo. Yako inachemka chini ya shati.

Na usiutegemee ule weusi wa bastola. Wengi wanadhani ni rangi. Ule ni chuma kilichogeuzwa kwa dawa kuwa utando mwembamba mno, wenye vitundu visivyoonekana, na kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Mafuta yakiisha, utando peke yake hauzuii kitu.

Kwa hiyo Jumapili haitoshi. Futa kila jioni, dakika mbili: kwanza kitambaa kikavu cha pamba kuondoa jasho, ndipo kingine chenye mafuta kidogo. Kipimo changu ni hiki: ukipitisha kidole, kiache alama hafifu juu ya chuma, lakini chenyewe kisilowe. Mafuta yakizidi yanakamata vumbi la barabarani, na vumbi likichanganyika na mafuta ni msasa. Chokonoa kwa mswaki mkuukuu chini ya kilengeo cha nyuma, kwenye vichwa vya skrubu na midomo ya magazini, maana huko ndiko jasho linakolala. Vaa fulana ya ndani ipite kati ya ngozi yako na bastola. Usiku itoe kwenye ala.

Viganja navyo havilingani. Nilipokuwa natunza ghala la silaha tulikuwa na kijana tukimwita Ndimu. Bunduki aliyoishika asubuhi, jioni ungeweza kuhesabu vidole vyake juu ya mtutu, vitano, vyekundu. Hakuwa mchafu, ni jasho lake tu. Tulimpa kitambaa chake mwenyewe akae nacho mfukoni.

*Mzee, mimi ni wa Ujiji. Mafuta ya bunduki ni ghali na huku hayapatikani ovyo. Nimekuwa nikitumia mawese, kwa kuwa baba yangu alipaka mawese kwenye panga na halikupata kutu. Sasa slaidi inarudi kwa uvivu. Kosa langu ni nini?*

Baba yako alikuwa sahihi, panga halina springi. Mawese yana asidi ya mafuta ndani yake, na yakikaa yanachacha na asidi inaongezeka. Pili, asubuhi ya baridi yanaanza kuganda. Umeyaona kwenye chupa jikoni yanavyokuwa kama uji. Ndani ya bastola uji huo unashika vumbi na masizi ya baruti mpaka unakuwa gundi. Slaidi haina uvivu, imebandikwa.

Nenda kwa mafundi cherehani, kichupa cha mafuta ya cherehani ni bei ya chai na maandazi. Ni mepesi, hayachachi, na kwa bastola inayofutwa kila siku yanatosha. Ila osha mawese yote kwanza kwa mafuta ya taa, nje ya nyumba, mbali na moto, kausha kabisa ndipo upake. Oili chafu ya gari usiiguse hata ukipewa bure, ina asidi na vumbi la chuma la injini ya mwenzio.

*Habari za kazi, mzee mwenzangu. Sikonge huku nina gobore lenye leseni, nalinda shamba na mizinga ya nyuki. Nikishalipiga nalipaka grisi ndani ya mtutu siku hiyo hiyo, lakini baada ya wiki mdeki, ule ufito wa kushindilia, unatoka na unga mwekundu.*

Swali hili nimelifurahia, maana nyumbani kwako unayo dawa bora kuliko ya dukani.

Baruti nyeusi ikiungua huacha majivu yenye chumvi za potasiamu. Chumvi hizo zinanyonya unyevu, na haziyeyuki kwenye grisi wala mafuta ya mashine. Wewe umezifunika kwa grisi zikiwa hai, zinaendelea kula chini kwa chini. Kinachoziyeyusha ni maji. Najua mwenye bunduki akisikia maji anashtuka, lakini gobore huoshwa kwa maji ya moto na sabuni kidogo.

Kwanza hakikisha halina shehena, yaani baruti na risasi ndani ya mtutu. Ondoa fataki, kile kikombe kidogo cha kuwashia baruti. Dumbukiza mdeki taratibu mpaka ugote, shika kwa kidole pale mdomoni mwa mtutu, utoe, kisha uulaze nje ya mtutu kidole kikiwa palepale mdomoni. Ncha ikifika usawa wa tundu la fataki, mtutu ni mtupu. Ikiishia vidole viwili au vitatu kabla, kuna kitu ndani, acha kila kitu umwite fundi mwenye leseni.

Likiwa tupu, mimina maji ya moto, sugua kwa kitambaa kwenye mdeki, mwaga, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. La mwisho liwe maji ya moto hasa, kwa sababu mtutu ukipata moto unajikausha wenyewe. Ungali na uvuguvugu, paka nta ya nyuki uliyoiyeyusha na mafuta ya mnyama au ya mimea, nta sehemu moja, mafuta sehemu mbili. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 60 na ushee, kwa hiyo ipashe juu ya sufuria ya maji, usiiweke motoni moja kwa moja. Mchanganyiko huu hauleti lami ukikutana na baruti nyeusi kama grisi inavyofanya. Mtu wa Ujiji asinielewe vibaya: mafuta ya kula kwa gobore sawa, kwa bastola hapana.

*Nina duka la jumla Tabora mjini. Bastola inakaa kwenye sefu, ndani ya ala yake ya ngozi, naitoa mara chache sana. Nimeikuta na kutu wakati haijawahi kunyeshewa. Inawezekanaje?*

Inawezekana sana, mama, na silaha nyingi nilizoziona zimeharibika ziliharibikia humo humo kabatini. Ngozi hunywa unyevu kama sponji, na ina chumvi na dawa za kiwandani. Kuivalia ala ya ngozi hakuna neno. Kuilaza humo miezi ni sawa na kuifunga kitambaa kibichi. Sponji la kubandikwa ndani ya sefu nalo ni vilevile.

Iweke wazi juu ya rafu, imepakwa mafuta, isiguse ukuta. Weka kipima unyevu kidogo na ujitahidi kisipande zaidi ya asilimia 50. Vile vipakiti vya punje za kunyonya maji vinavyokuja na viatu vipya na mabegi vinasaidia, ila vikishiba havinyonyi tena. Punje za buluu hugeuka waridi zikishiba. Zinakaushwa kwa joto la nyuzi 120 hivi, kwa saa mbili, katika chombo ambacho hutakipikia tena, kwa kuwa rangi ile ni sumu. Mchele, ambao wengine huuweka sefuni unyonye unyevu, ni bora uuze, mama. Na risasi usizipake mafuta, yanaweza kupenya mpaka kwenye kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, na siku ya haja zisilie.

*Ndimu au soda nyeusi inatoa kutu?*

Inatoa, pamoja na ule weusi wote. Utabaki na bastola nyeupe iliyo uchi. Tumia mafuta na sufi ya chuma laini kabisa, ile ya namba 0000, usugue polepole. Kutu ikishachimba mashimo, mpelekee fundi mwenye leseni.

*Babu amefariki Urambo, ameacha gobore limejaa kutu. Nianze kulisafisha vipi?*

Pole kwa msiba. Usilisafishe, wala usipande nalo bodaboda. Leseni ilikuwa ya babu, si ya ukoo. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hilo ni jambo la polisi. Toa taarifa kituoni, waje au wakuelekeze namna ya kulifikisha, na uwaambie hujui kama lina shehena.

*Yangu ni ya chuma kisichoshika kutu. Hayo yote yananihusu?*

Kinachelewa kushika, lakini kinashika. Kromiamu ndiyo inayokikinga, walau asilimia 10.5 ndani ya chuma chenyewe, na chumvi ya jasho inautoboa utando mwembamba ambao kromiamu inaujenga juu ya chuma. Tena springi na pini za ndani mara nyingi ni chuma cha kawaida. Zifungue uzitazame leo jioni, utaniandikia.