Kabla hujajiunga kifurushi cha kupiga nje, angalia kwanza unampigia nani

Asubuhi hiyo nilikuwa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, mguu mmoja juu ya gunia la dagaa, simu sikioni. Mteja wangu wa Lubumbashi, Kongo, alikuwa katikati ya maneno, "Mama, ile mzigo usi...", simu ikakata. Salio limekwisha. Nikajua tu anataka kusema nisichelewe, nikawaita vijana wakapakia magunia 12. Kumbe alikuwa anasema nisipakie, soko limelala. Mzigo ulikaa Tunduma siku tano, nikalipia stoo, mwisho nikauza hukohuko kwa hasara.

Kilichoniuma zaidi, jana yake tu nilikuwa nimejiunga kifurushi cha mwezi cha "mitandao yote". Kwa akili yangu, yote ni yote, hata ya Kongo. Wapi! Ni mitandao yote ya hapa Tanzania. Dakika zangu zilikuwepo nzima nzima, hazijaguswa, huku simu ya Lubumbashi ikitafuna salio la kawaida. Nilipopiga huduma kwa wateja, kijana akanijibu kwa upole kabisa kwamba imeandikwa kwenye vigezo na masharti. Haya, nani anasoma vigezo na masharti akiwa amesimama kwenye matope ya mwaloni?

Basi tangu siku hiyo sijiungi kitu kabla ya kufungua daftari. Nilianza kwa wiki moja tu. Kila nikimaliza kuongea naandika: nimempigia nani, yuko wapi, ana simu ya namna gani, tumeongea dakika ngapi. Mwenyewe nilikuwa naapa kwamba hela yangu inaishia Kongo. Wiki ilipoisha nikakuta Kongo nimepiga mara tatu. Mama yangu, Nansio, nimempigia kila usiku, na usiku mmoja tumeongea dakika 41 habari za mbuzi wa jirani.

Mama ana kitochi, kwa hiyo mambo ya WhatsApp hayapo, ni dakika tu. Nilikuwa nampigia kwa laini yangu ya biashara kwa sababu ndiyo yenye vifurushi vya bei nafuu hapa mjini, ila laini yake yeye ni ya mtandao mwingine. Nikamnunulia laini ya mtandao wangu, nikaona nimemaliza kazi. Kumbe kule kwake mtandao huo haushiki ndani ya nyumba, lazima atoke aende chini ya mwembe. Mama wa miaka 70 na kitu, saa mbili usiku, chini ya mwembe, mbu wanamla, eti mimi nabana matumizi! Nikageuza. Nikanunua laini ya mtandao unaoshika chumbani kwake, nikaiweka upande wa pili wa simu yangu, na hiyo naijiungia kifurushi cha wiki cha mtandao kwa mtandao. Hakina kazi nyingine zaidi ya mama. Kwa hiyo ukitaka kuchagua mtandao, anza kuuliza unashika wapi kule kwa yule unayempigia. Wewe uliye Buzuruga au Nyegezi minara imekuzunguka, utashika tu.

Wenye umri wangu mnakumbuka tulivyokuwa tunatembea na laini tatu, kila mtandao na laini yake. Sababu ni kwamba kampuni moja huilipa nyingine kila simu inapovuka kutoka mtandao huu kwenda ule. Mwaka 2018 malipo hayo yalikuwa shilingi 15.60 kwa dakika, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya hapa nchini, ikayashusha mwaka hadi mwaka mpaka shilingi 2 mwaka 2022. Ndiyo maana dakika za mitandao yote siku hizi si anasa. Lakini punguzo hilo ni la ndani ya nchi. Simu ikivuka mpaka, kuna mtu wa upande wa pili naye anadai chake, na kila nchi ina bei yake. Jirani si lazima awe rahisi. Vifurushi vya kimataifa nilivyowahi kufungua kwenye menyu vimejaa India, China na Marekani. Kongo naitafuta kwa tochi.

Kwa hiyo ukiona neno "kimataifa" usibonyeze kukubali bado. Tafuta orodha ya nchi, uone kama yako imo. Halafu uliza kama dakika ni za kupiga simu za mkononi au za mezani tu, na kifurushi kikiisha katikati ya maongezi simu inakata au inahamia kwenye salio la kawaida. Hili la mwisho ndilo linalomaliza watu. Mimi kwenye laini ya biashara siachi salio kubwa likizurura.

Huyo wa Lubumbashi sasa naongea naye kwa WhatsApp. Niliipima simu yangu: sauti peke yake haikufika MB 1 kwa dakika. Video ni habari nyingine, na dagaa kavu hawahitaji video, namtumia picha. Mambo ya bei tunarekodi sauti, kila mmoja anabaki na ushahidi wake. Ila kumbuka kule saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukimpigia saa kumi na mbili asubuhi ya Mwanza umemwamsha saa kumi na moja, na mtu aliyeamshwa hapandishi bei.

Dakika za usiku wa manane ni rahisi kweli, lakini kama huna ndugu Marekani utaongea na nani?

Wenye ndugu Shirati na vijiji vya mpakani, waambieni waweke simu isichague mtandao yenyewe. Ikishika mnara wa Kenya, hata kupokea simu kunaweza kuwakata salio. Na namba ngeni ya nje ikikubipu mara moja ikakata, iache. Ukipiga unaweza kuwa unamnenepesha tapeli.

Kama kampuni yako imekuchosha, usitupe namba ambayo wateja wameshaizoea. Tangu Machi 2017 inaruhusiwa kuhama mtandao na namba yako. Ila kabla ya kuhama jaribu kwanza laini ya huko kwa wiki moja, ukiwa mwaloni, ukiwa nyumbani, ukiwa kwenye kivuko. Mimi nilitaka kuhama mwaka jana nikaghairi, sababu laini ya majaribio ilikuwa inakatakata pale ninapopangia magunia.

Daftari bado ninalo. Wiki hii mama dakika 112, Lubumbashi mara mbili, na mzigo unaondoka Alhamisi. Safari hii sauti yake ninayo kwenye simu akisema, "Mama, pakia."