Ukichora gloriosa kwa rangi za maji, tangulia na njano

Mvua za masika zikishakolea, pembezoni mwa vichaka vya pwani hujitokeza gloriosa, ule mmea mwembamba unaopanda juu ya miti ya wenzake na kutoa maua mekundu yenye kingo za njano. Ukienda kuutafuta kiangazi hutauona, kwa sababu wakati huo umebaki kiazi tu chini ya udongo. Zimbabwe wameufanya ua lao la taifa, lakini kwetu pia ni mwenyeji, wala haujaletwa na mtu wa bustani.

Kabla ya brashi, tuzungumzie sumu. Mmea mzima una sumu iitwayo kolchisini, na kiazi ndicho hatari zaidi. Kula kiazi hicho kumeshaua watu. Kwa hiyo ile tabia yetu ya kunyoosha ncha ya brashi kwa midomo, hapa iache kabisa. Ukishika tawi, nawa mikono kwa sabuni, na usiliache mezani penye watoto au mbuzi. Mimi napenda kuuchora pale pale ulipoota, nimekaa kwenye kigoda, maana tawi likishakatwa hulegea na mikunjo ya petali hubadilika.

Jambo la kwanza la kutazama ni umri wa maua. Tumba huning'inia likiwa la kijani. Likifunguka, petali zake sita hujipinda kurudi nyuma mpaka zinaelekea juu, huku stameni sita, vile vijiti vya kiume vyenye chavua, zikitawanyika pembeni. Rangi nayo haitulii: huanza kijani-njano, ikaingia chungwa, ikaishia nyekundu iliyoiva. Kwenye shina moja utakuta hatua hizi zote kwa pamoja, maua makuukuu yakiwa chini na machanga juu. Basi chora angalau matatu ya umri tofauti. Ua moja jekundu katikati ya karatasi linapendeza kwenye kadi ya harusi, lakini halisemi lolote kuhusu mmea unaopanda.

Kwa penseli, kuna sehemu mbili zinazowaponza wengi. Ya kwanza ni vikono, vile vijikamba vya kujishikia. Havitoki kwenye shina. Ni ncha ya jani lenyewe ndiyo inayorefuka, ikawa nyembamba, kisha ikajiviringisha kwenye kijiti cha jirani. Fuata mstari wa katikati ya jani bila kuinua penseli mpaka mwisho wa kikono na utaupata. Ya pili ni pistili, kile kijiti cha kike cha ua: badala ya kushuka wima chini ya ua, hupinda ghafla upande mmoja tangu shinani mwake, karibu pembe mraba. Ukiinyoosha, mtu anayeujua mmea atajua hukuutazama.

Sasa rangi. Paka njano nyepesi kwenye petali zote, hata zile ambazo machoni mwako ni nyekundu tupu. Subiri ikauke. Pwani hewa ina unyevu, kwa hiyo usidanganywe na karatasi kuacha kung'aa. Igusishe mgongo wa kidole, na ikiwa bado ya baridi, maji yamo. Ikikauka, shika nyekundu inayoelekea chungwa, anzia sehemu ya juu ya petali karibu na ncha, shuka nayo katikati, na uache ukingo mwembamba wa njano pande zote mbili. Ukikaribia shina la petali, osha brashi, ikamue kwenye kitambaa, kisha vuta rangi kwa unyevu uliobaki ili iyeyuke ndani ya njano. Kwa maua yaliyoiva ongeza tabaka la pili la nyekundu nzito. Ukingo una mawimbi, na kila wimbi lina upande wa kivuli; hapo weka kahawia kidogo sana iliyochanganywa na chungwa. Zambarau juu ya njano itakupa tope.

Soma herufi ndogo kwenye tyubu, zile alama zinazotaja rangi halisi iliyomo ndani; zina maana kuliko jina la rangi. Kwa njano natumia PY154, na kwa nyekundu PR209 pamoja na PV19. Nyekundu yenye PR83 huvutia ikiwa mbichi, ila hufifia ikitundikwa penye mwanga. Kijani changanya mwenyewe kwa njano ile ile na buluu, ili majani na maua yaonekane wa nyumba moja. Majani yanang'aa, kwa hiyo acha mistari myembamba ya karatasi nyeupe ikifuata urefu wa jani.

Karatasi iwe ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba. Manila ya dukani itajikunja kabla hujafika tabaka la pili. Bei inauma, najua, lakini karatasi kubwa ya sentimita 56 kwa 76 ukiikata kwa urefu unapata vipande viwili vya 28 kwa 76, na urefu huo ndio mmea huu unaoutaka. Kazi ikiisha iache ikauke usiku kucha kabla ya kuifungia kwenye fremu, na fundi aweke nafasi kati ya kioo na karatasi. Kwa joto letu, vikigusana ukungu hauchelewi.