Mama yuko kwenye mionzi ya koo: usimkatie chakula

Dada, umeuliza kama ni kweli mama aliyeanza mionzi ya saratani ya koo na kemo (dawa za kuua saratani) aachishwe sukari, nyama na maziwa ili ugonjwa ukose chakula, kama majirani wanavyosema. Nimemuuguza shangazi yangu hapa Malindi, tukimpeleka Mombasa kwa tiba. Nakuomba usimkatie. Seli zote za mwili hutumia sukari, nzima na mbovu. Ukimnyima, anayedhoofika ni yeye. (Akiwa na kisukari, fuata la daktari wake.)

Unachotakiwa kuchunga ni uzito. Mionzi ya koo hupigwa mgonjwa akiwa amevaa barakoa iliyofinyangwa kwa uso wake. Akikonda sana barakoa hulegea, na huenda mionzi ikabidi kupangwa upya, tiba ikachelewa. Mpime kila wiki kwa mizani ileile.

Vidonda vya mdomo na koo kwa kawaida huanza wiki ya pili au ya tatu, na huendelea hata mionzi ikisha. Basi anza kulainisha chakula sasa hivi. Shangazi alikipenda zaidi changu wa kuchemsha, aliyetolewa miiba yote, akapondwa na viazi kwa tui zito, bila ndimu wala pilipili. Bokoboko laini la kuku lenye samli pia lilipita. Uji mtupu hautoshi: wengi kwenye tiba hii huhitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili, yaani mtu wa kilo 50 ahitaji gramu 60 hadi 75 kwa siku, na yai moja lina kama 6 tu. Uji wake utie maziwa na njugu zilizosagwa laini. Mpe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, usingoje aseme ana njaa. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa ameze kama nusu saa kabla ya kula.

Kemo hushusha kinga. Maziwa yachemke, mayai yaive kabisa, juisi za barabarani aache. Homa ikifika nyuzi 38, hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Mitishamba asinywe kabla daktari hajaambiwa.

Halafu uulizie mapema mpira wa kulishia wa puani. Shangazi aliukataa mwanzo, maana watu walimwambia mpira ni dalili ya kukatiwa tamaa. Alipokubali alipata nguvu, akamaliza mionzi, kisha ukatolewa. Kliniki ijayo lianze hilo, mama mwenyewe akiwapo asikie.