Kufunga utepe wa joto kwenye manifoldi ya ekzosi: nimejibu maswali yenu

Haya wadau, maswali ya utepe wa joto yamejaa, leo nayajibu kwa mkupuo. Kwa ambaye hajui tunaongelea nini, ni ule utepe mpana, mara nyingi wa inchi mbili, umefumwa kwa nyuzi za kioo au za mawe ya volkano, unaviringishwa kwenye mabomba ya ekzosi pale yanapotokea kwenye injini mpaka manifoldi inaonekana imefungwa bandeji. Kitu kimoja tu ukishike kabla hatujaenda mbele: joto halipotei, ukilizuia lisitoke nje ya bomba linabaki kwenye bomba. Karibu kila jibu hapa chini linaanzia hapo.

Nikifunga utepe gari itaongeza nguvu? Fundi ananiambia nitaiona tofauti mlimani.

Nguvu ya kuisikia kwa mguu wako hapana. Nadharia yenyewe ni ya kweli, moshi ukibaki na moto wake unakuwa mwepesi na unatoka kwa kasi zaidi, na hewa ya chini ya boneti ikipoa kidogo injini inavuta hewa nzito zaidi yenye oksijeni zaidi. Sasa kwenye gari ya kawaida faida hiyo ni ndogo mno, na kama boksi ya hewa yako inavuta kutoka mbele karibu na taa kama ilivyo kwa gari nyingi basi hata ile ya pili unaikosa, manake hewa yako ilikuwa ya baridi tangu mwanzo. Kazi halisi ya utepe ni kulinda vitu vilivyo jirani, yaani waya, plagi waya, hosi, plastiki, mota ya stata iliyokaa karibu na bomba, na kwenye gari za mashindano hata miguu ya dereva. Kama kuna kitu kinaungua, utepe una maana. Kama hamna kinachoungua sijui unafunga cha nini.

Manifoldi yangu ni ile ya chuma cha kumimina iliyokuja na gari, nifunge?

Mi ningekwambia usifunge. Chuma cha kumimina ni kizito, kinatunza joto chenyewe, alafu hakipendi kupandishwa moto sana na kushushwa ghafla, ndo maana manifoldi nyingi za hivyo mwisho wake ni ufa. Ukiivalisha utepe unaiongezea joto lile lile ambalo ilikuwa inalitema. Na umbo lake lina mabonde na kona kiasi kwamba huwezi kuufunga ukakaza vizuri, utaacha mifuko ya hewa, sehemu moja inachemka nyingine inapoa, hapo ufa umeukaribisha mwenyewe.

Angalia kwanza kama ile ngao ya bati ya kiwandani bado ipo. Nyingi zinatolewa siku ya kubadilisha gasketi, bolti zinakatika kutu, fundi anaitupa pembeni na gari inaondoka bila ngao. Kibati kile kinadharaulika lakini kinafanya kazi kubwa sana, kwa sababu joto kubwa la manifoldi linaruka kama mwanga, na kibati chenye nafasi ndogo ya hewa nyuma yake kinalirudisha lilikotoka huku chuma kikiendelea kupumua. Tafuta ngao, rudisha, kesi imekwisha.

Nina hedazi (manifoldi ya mabomba yaliyochomelewa) za chuma cha kawaida, nasikia utepe unazila. Kweli au maneno ya vijiweni?

Kweli kabisa. Fungua utepe uliokaa muda mrefu kwenye bomba la chuma cha kawaida uone, unapouvuta vinaanguka vipande vyembamba vyeusi kama maganda, ukigusa na kucha vinaendelea kubanduka, na chini yake bomba limekuwa jembamba. Hiyo siyo kutu ya mvua peke yake. Chuma kikikaa na moto mkali muda mrefu kinaungana na oksijeni na kutengeneza magamba, yanadondoka, yanatengenezwa mengine, hivyo hivyo mpaka bomba linatoboka. Utepe unaharakisha kwa sababu chuma sasa kinakaa na moto mkubwa kuliko zamani. Alafu unaongezea la pili, ukilowa unashika maji, na gari inayokaa siku nyingi bila kuwashwa inabaki na kitambaa kibichi kimekumbatia chuma, ile ya kila siku angalau inajikausha yenyewe. Na chumvi ya barabarani au ya bahari ikiingia humo usiulize.

Chuma cha pua kinavumilia zaidi lakini nacho siyo cha milele, hasa kwenye maungio ya welding. Watengenezaji wengi wa hedazi wanakufutia waranti wakikuta umefunga utepe, soma karatasi yao kabla hujaanza. Kama hedazi bado mpya na unaweza kusubiri, zipeleke zikapakwe koti ya seramiki ndani na nje, ni gharama zaidi ila inapunguza joto la nje na inalinda chuma badala ya kukila.

Nimefunga mwenyewe, kuwasha tu moshi ukajaa boneti nzima, nikazima kwa woga. Nimeharibu?

Hujaharibu. Utepe mpya una gundi na mafuta ya kiwandani yanayoshika nyuzi zisivurugike, yakipata moto yanaungua, kwa hiyo moshi na harufu kali mara za mwanzo ni kawaida, gari iwe nje siyo ndani ya banda, acha iunguze mpaka iishe.

Wa kuogopa ni moshi unaorudi baadaye, wiki kadhaa au miezi imepita na ulikuwa umeshaisha. Hapo tafuta oili. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ikianza kuvuja, oili inateremka taratibu kwenye manifoldi. Kwenye chuma kitupu ingeungua kidogo kidogo, unasikia harufu, unajua kuna shida. Kwenye utepe inanyonywa, inajaa, inasubiri. Oili ya injini ikipita nyuzi joto 200 na kitu za Selsiasi inatoa mvuke unaoshika moto, na manifoldi inapita hapo bila hata kuikanyaga sana. Hivyo ndivyo gari zinavyowaka boneti likiwa limefungwa na dereva anasikiliza redio. Kwa hiyo rekebisha uvujaji wote KABLA ya kufunga, oili, pawa steringi, fluidi ya breki, vyote, na utepe ukishalowa oili usijaribu kuuosha, toa tupa weka mpya. Mtungi wa zimamoto ndani ya gari pia siyo urembo.

Tunalowesha au tunafunga mkavu? Na unaanzia wapi?

Soma paketi, manake kuna kampuni zinasema lowesha na nyingine zinasema funga mkavu, kila mmoja anaijua bidhaa yake. Ule wa nyuzi za kioo nikipewa uhuru naulowesha, unakuwa laini, vumbi la nyuzi linapungua, na ukikauka unakaza.

Ila kabla ya utepe sikiliza injini asubuhi ikiwa ya baridi. Ukisikia tik tik tik inayopotea gari ikipata moto, hiyo ni gasketi ya manifoldi inavujisha au kuna ufa, chuma kikitanuka kinajiziba. Usifunge juu ya hiyo, hutaiona tena mpaka iwe kubwa. Kaza bolti zote, endesha gari ipate moto ipoe mara kadhaa, kaza tena, ndo ushike utepe.

Kufunga kwenyewe, anza pale kwenye flenji, ule uso wa kufungia bolti, upande wa injini, zungusha mara moja juu ya mwanzo wake ili ujishike, kisha kila mzunguko upande juu ya ule uliotangulia kwa robo inchi hivi, siyo nusu ya utepe mzima, ukirundika matabaka unaongeza tu moto kwenye chuma. Vuta muda wote, ukilegeza hata kidogo mtetemo utaufungua. Mwisho kaza kwa klampu za chuma cha pua, zile taizi za plastiki sahau kabisa. Kwa makadirio, bomba la inchi moja na nusu linakula karibu futi tatu za utepe wa inchi mbili kwa kila futi moja ya bomba, hesabu kabla hujanunua maana kuishiwa bomba la mwisho kunaudhi sana. Vichwa vya bolti acha wazi, na oksijeni sensa pita pembeni yake, usiifunike wala usibane waya wake.

Naweza kuendelea kufunga mpaka kwenye masega?

Bomba la kabla ya masega, yaani kile kisafisha moshi (katalitiki), sawa, inasaidia hata, masega yanaanza kufanya kazi vizuri yakifika kama nyuzi 250 mpaka 300 na moshi wa moto unayafikisha haraka. Masega yenyewe usiyaguse. Yale yanatengeneza joto lao wenyewe ndani, ukiyafunika yanaweza kuyeyuka, yakaziba, na gari ikakosa pumzi. Fleksi, kile kipande cha bomba kinachopinda, nayo iache icheze.

Turbo je?

Hapa ndo utepe una sababu nzuri zaidi, turbo ni feni inayozungushwa na moshi ili isukumie injini hewa, inakula joto na kasi ya moshi, kwa hiyo bomba linaloipelekea moshi likitunza moto wake ni faida. Kwa turbo yenyewe kuna blanketi lake maalumu, livalishe upande wa moto tu, ule unaopokea moshi. Pale katikati penye beringi pasifunikwe, oili iliyomo itapikwa iwe mkaa.

Mikono inaniwasha siku ya pili tangu nifunge, ni asbesto?

Utepe wa siku hizi wa kampuni zinazoeleweka siyo asbesto, ni vipande vidogo vya nyuzi za kioo vimekuchoma. Osha kwa maji ya baridi na sabuni, usisugue, na nguo zile usizichanganye na za watoto. Safari ijayo glavu, mikono mirefu, miwani, barakoa. Ila ukikuta utepe mkuukuu kwenye gari ya zamani sana ambayo hujui nani alifunga na lini, huo usiuchanechane ukiwa mkavu wala kuupulizia kompresa, za zamani kweli zilikuwa na asbesto, mpe anayejua kuitoa.

Gari inachemsha, utepe utasaidia?

Hapana. Angalia rejeta, feni, thamostati na wota pampu.

Ule wa taitani una tofauti gani na wa kioo?

Jina linauza, mwingi ni mawe ya volkano yaliyoyeyushwa na kuvutwa nyuzi. Ila ni mzuri kweli, unavumilia mtetemo na moto kuliko wa kioo, ambao wa kawaida unahimili kama nyuzi 650 hivi ukigusana na chuma moja kwa moja. Kumbuka moshi wa injini ya petroli inayokanyagwa sana unaweza kupita 800. Kama manifoldi yako usiku unaiona inawaka wekundu, wa kioo utakatika katika uwe unga.

Foili ya jikoni tabaka nyingi haiwezi kufanya kazi hiyo hiyo?

Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, na foili kabla hata haijafika huko mtetemo umeshaichana na vipande viko kwenye fani belti. Kata kibati, kiwekee spesa, kifunge mbali kidogo na bomba.