Gift ya zawadi na Gift ya sumu

SWALI: Mhariri, najifunza Kijerumani baada ya kusoma Kiingereza na Kilatini kidogo. Nimeona kwamba "gift", ambalo kwa Kiingereza ni zawadi, kwa Kijerumani ni sumu. Tena "haben" ya Kijerumani na "habere" ya Kilatini zote zina maana ya kuwa na kitu. Nadhani hilo la kwanza ni sadfa, na la pili ni undugu wa wazi. Je, niko sahihi? (Msomaji, Songea)

JIBU: Ndugu msomaji, mambo yako kinyume kabisa. "Gift" hizo mbili zina asili moja, ilhali "haben" na "habere" hazihusiani.

Tuanze na hilo la pili. Kilatini na Kijerumani vina babu mmoja wa mbali, lakini katika tawi la Kijerumani, ambamo Kiingereza pia kimo, konsonanti zilibadilika kwa utaratibu ambao Rasmus Rask wa Denmark aliueleza mwaka 1818, na Jacob Grimm akaupanga kuwa kanuni mwaka 1822. Sauti ya k, ambayo Kilatini huiandika c, iligeuka kuwa h: "cornu" (pembe) ni "Horn", na "centum" (mia) ni "hundert". Nayo h ya Kilatini mara nyingi hulingana na g: "hostis", adui, ni ndugu wa "Gast", mgeni, na si ajabu, kwani wote wawili ni watu wa kuja. Kwa hiyo ndugu halisi wa "haben" ni "capere", kukamata, wakati "habere" wataalamu wengi huihusisha na "geben", kutoa.

Na hiyo "geben" ndiyo iliyozaa "Gift". Katika Kijerumani cha kale neno hilo lilimaanisha kitu kinachotolewa, na maana hiyo bado imo katika "Mitgift", mali ambayo bibi harusi hupewa na wazazi wake. Sumu iliingia kwa mlango wa waganga. Wagiriki walikiita kipimo cha dawa "dosis", yaani kinachotolewa, neno lile lile tunalolitumia tunaposema mgonjwa amalize dozi. Wajerumani wakaifuata maana hiyo kwa neno lao wenyewe. Kumwambia mtu kwamba fulani "amepewa kitu" ni tafsida nzuri ya kulishwa sumu, na tafsida ikizoeleka hugeuka kuwa jina lenyewe. Waholanzi wameyatenganisha: "gift" ni zawadi, "gif" ni sumu. Waswidi hawakujali, kwao "gift" ni sumu, na pia ni mtu aliyeoa au kuolewa. Wenye utani watajua la kufanya na hilo.

Kanuni ile ya Grimm haiyagusi maneno yaliyokopwa baada ya mabadiliko hayo kupita. "Käse", jibini, imebaki na k ya "caseus" kwa sababu Wajerumani waliipokea kutoka kwa Warumi, kama walivyopokea "Kaiser" kutokana na jina la Caesar. "Schule" nayo ni "schola" ya Kilatini, na kwa Wajerumani ndiko Tanganyika ilikopata neno shule, huku Zanzibar ikichukua skuli kutoka kwa Waingereza.